Kusachiwa si kupapaswa: upekuzi wa mwili uwanja wa ndege unavyotakiwa kwenda

Dar es Salaam tuna maneno matatu kwa jambo moja. Kwenye mabango na karatasi za serikali linaitwa ukaguzi, au upekuzi wa mwili. Kwenye foleni watu wanasema kusachiwa. Neno la tatu hutoka mtu akishafika nyumbani, amekaa na wenzake: "yule alinipapasa." Glovu ni zilezile, mikono ni ileile, na hata sehemu zilizoguswa huenda ni zilezile. Kinachotenganisha kusachiwa na kupapaswa ni mambo yanayoweza kutajwa moja moja: nani ameshika, amesema nini kabla ya kushika, ametumia upande gani wa mkono, mbele ya nani, na kama aliyeshikwa alijua sababu. Abiria anayeyajua haya anaweza kuomba haki yake bila kugombana na mtu. Ofisa anayeyafuata humaliza kazi mapema zaidi kuliko anayekwenda mbiombio.

Mkono huja baada ya mashine, kwa hiyo tuanze na mashine.

Ule mlango tunaoupita baada ya kuvua mkanda una nyaya zilizozungushwa ndani ya nguzo zake mbili. Nyaya hizo hutoa mapigo ya sumaku, na chuma kikipita katikati yake huzalisha mkondo mdogo wa umeme ambao mashine huusikia. Milango mingi ya siku hizi huonyesha kwa taa urefu ambapo chuma kipo: kifundo cha mguu, goti, kiuno au kifua. Mlango haujui kama chuma hicho ni bizimu ya mkanda, bisibisi au ni kile alichofungwa mtu kwenye mfupa baada ya ajali. Ndiyo maana kifimbo cha mkononi, kile cha kutafutia chuma, hufuata, na baada ya kifimbo, mkono.

Mlango huo una tabia nyingine ambayo wengi hawaijui, nayo huumiza sana watu: unaweza kulia hata kama hujabeba chuma chochote. Viwanja vingi huupangia uchague sehemu fulani ya abiria kwa bahati nasibu, uwalilie wakaguliwe zaidi. Mwanamke aliyevaa nikabu akililiwa na mashine wakati hana hata pini, moyo humwambia kuwa amechaguliwa kwa vazi lake. Inawezekana kabisa kwamba hakuna binadamu aliyemchagua. Bahati nasibu iliwekwa kwa makusudi hayohayo, ili ofisa asipate nafasi ya kuchagua sura, dini au mavazi. Ofisa akisema "Mama, mashine imechagua yenyewe," sentensi hiyo moja hushusha hasira ya nusu saa. Isiposemwa, abiria hubaki na jibu lake mwenyewe, na jibu hilo huwa ndilo baya kuliko yote.

Lakini mlango huo hauoni plastiki, unga wala baruti isiyo na chuma. Tarehe 25 Desemba 2009, kijana Umar Farouk Abdulmutallab alipanda ndege ya kutoka Amsterdam kwenda Detroit akiwa ameficha vilipuzi ndani ya chupi. Havikulipuka kama alivyokusudia, akakamatwa. Kuanzia mwishoni mwa 2010 Marekani iliruhusu mikono ifike kwenye mapaja na kinena, na skana za mwili zikaenea. Kifua cha mwanamke nacho kina historia yake. Agosti 2004 ndege mbili za Urusi zilizoruka kutoka uwanja wa Domodedovo mjini Moscow zililipuliwa usiku mmoja na wanawake wawili. Mwezi uliofuata Marekani ikaanza kukagua vifua vya abiria wa kike kwa mkono, malalamiko yakawa mengi, na kabla mwaka haujaisha utaratibu ukalegezwa. Tunayataja haya kwa sababu watu huuliza kwa uchungu, "kwa nini pale hasa?" Kila sehemu inayotuudhi kuguswa iliingizwa kwenye upekuzi baada ya mtu kuitumia, au kushukiwa kuitumia, kuficha kitu.

Skana ya mwili, ile ya kusimama ndani yake na kuinua mikono, hutumia mawimbi mafupi ya redio, kwa aina moja maarufu ni kati ya gigahezi 24 na 30. Mawimbi hayo hupenya nguo, hugonga ngozi na kurudi. Si eksirei, na mjamzito hana sababu ya kuiogopa. Picha ya mwili wako haionyeshwi kwa ofisa. Anachoona ni mchoro wa kikaragosi, sawa kwa kila mtu, wenye kisanduku cha rangi mahali penye kitu kisichoeleweka. Maji hurudisha mawimbi hayo, ndiyo maana jasho la kwapani au mgongoni linaweza kuwekewa kisanduku kana kwamba ni kitu. Mtu aliyekaa kwenye foleni ya magari Barabara ya Nyerere saa nane mchana, joto la Februari, ajifute na kupoa kabla ya kuingia kwenye skana yoyote ya aina hii.

Skana hizi zilikuja na tatizo la jinsia ndani ya programu yake. Ofisa alitakiwa kubonyeza kitufe cha mwanamke au cha mwanamume kabla ya abiria kuingia, kwa sababu mashine hulinganisha kifua na kinena cha mtu na kile inachotarajia kwa jinsia hiyo. Ofisa huangalia kwa sekunde moja tu. Dada mwenye nywele fupi, shati na suruali anabonyezewa cha kiume, na kifua chake kinawekewa kisanduku. Mtu aliyezaliwa huntha, au aliyebadili jinsia, huliliwa safari baada ya safari, na kila safari anashikwa pale ambapo asingependa kushikwa hata mara moja. Tarehe 31 Machi 2022 mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani, TSA, ilitangaza kuleta programu isiyohitaji kitufe hicho. Penye mashine za zamani, ukiona kisanduku kifuani au kinenani na hujabeba kitu, uliza kwa upole kama kitufe kilibonyezwa sawa, na uombe upite tena. Kupita tena ni sekunde chache, na mara nyingine huondoa haja ya mkono.

Mkono wenyewe unavyokwenda

Upekuzi wa kawaida hufanyika juu ya nguo. Hilo ndilo la kwanza kulishika. Kuvuliwa nguo ni ngazi nyingine kabisa: inahitaji sababu maalumu, msimamizi na chumba kilichofungwa. Hakuna ofisa anayetakiwa kuivuka ngazi hiyo kimyakimya pale kwenye foleni.

Abiria husimama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, mikono pembeni, viganja vikitazama juu. Ofisa huanza juu na kushuka: nywele au kitambaa cha kichwa, kola, mabega, kila mkono mpaka kifundo, kwapa, mbavu, kifua, kiuno, makalio, kila mguu kwa nje na kwa ndani, na mwisho nyayo. Mbele kisha nyuma. Kushuka kuna sababu mbili. Hakuna sehemu inayorukwa, na glovu iliyogusa soksi haipandi tena usoni.

Mkono huteleza ukiwa umekandamiza kidogo, haupigipigi. Watu wengi wangependa wapigwepigwe tu, wanaona ndiyo heshima. Lakini kitu chembamba kilicholala bapa, kwa mfano wembe au bahasha ya unga, hakisikiki kwa kupigapiga. Husikika pale ukingo wake unapopita chini ya vidole. Kwenye kiuno vidole viwili huingia ndani ya ukanda wa nguo na kuzunguka. Kwenye kifua, makalio na karibu na kinena hutumika mgongo wa mkono. Upande huo wa mkono hauwezi kukunja, kushika wala kukamua, ila unatosha kusikia kitu kigumu. Kwa mwanamke, mkono hupita katikati ya matiti na chini yake kufuata waya wa sidiria, basi. Kuzunguka titi kwa kiganja si upekuzi. Mguuni mkono hupanda mpaka paja linapokutana na kiwiliwili, unakoma hapo, unashuka. Ni mara moja kila mguu.

Kazi hii ikifanywa sawasawa huchukua kama dakika moja, mbili zikizidi. Huharibika mwanzoni, na huharibiwa na ukimya. Ofisa akianza kushika bila kusema, abiria hushtuka, hushusha mikono, hugeuka, na kazi inaanza upya. Mtu aliyetakiwa kuguswa mara moja anaguswa mara mbili. Tofauti yenyewe tuisikilize. Ofisa mmoja anasema, "Nyoosha mikono," na tayari ameshika. Mwingine anasema: "Shikamoo mama. Mashine imelia usawa wa kiuno. Nitapitisha mikono begani mpaka miguuni, kifuani na nyuma nitatumia mgongo wa mkono. Kuna sehemu inauma, au kuna kifaa cha hospitali mwilini?" Maneno hayo huchukua sekunde 15. Swali la mwisho peke yake huokoa mambo mengi: mtu mwenye kidonda cha upasuaji, mwenye mfuko wa choo tumboni, au aliyefungwa bandeji, hupata nafasi ya kusema kabla hajaumizwa.

Shikamoo tumeitaja kwa makusudi. Mzee wa miaka 70 aliyesimama na mikono hewani, akishikwa mapaja na kijana rika la mjukuu wake, hupata fedheha ambayo kanuni ya mwanamume kwa mwanamume haiiponyi. Salamu humrudishia cheo chake mbele ya watu. Katika mji wetu jambo hili lina uzito sawa na glovu safi.

Mwanamke kwa mwanamke: kanuni na hesabu yake

Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kilichopitishwa mwaka 1974, kinazitaka nchi zikague abiria wote kabla hawajapanda ndege. Namna ya kumshika mtu huachiwa taratibu za kila nchi, na takriban kote duniani kanuni ni moja: upekuzi wa mikono hufanywa na mtu wa jinsia moja na anayepekuliwa. Kwetu jambo hili halikuanzia viwanja vya ndege. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaelekeza kwamba mwanamke akibidi kupekuliwa apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha. Katiba, Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake na maisha yake binafsi.

Kanuni ni nzuri, ila inategemea zamu ilivyopangwa. Tuchukulie ndege ya abiria 160, nusu yao wanawake. Mashine ikimlilia mwanamke mmoja kati ya wanne, ni wanawake 20. Kwa dakika mbili kila mmoja, ofisa mmoja wa kike anahitaji dakika 40 mfululizo, bila kunywa maji. Sasa mmoja kati ya hao 20 aombe chumba cha faragha. Humo wanatakiwa maofisa wawili, mmoja akague na mwingine ashuhudie, ili abiria alindwe na ofisa naye alindwe dhidi ya madai ya uongo. Kama zamu ina wanawake wawili tu, njia ya wanawake imefungwa. Kwa maoni yetu, zamu yenye wanawake pungufu ya watatu kwenye njia moja ya ukaguzi wakati wa ndege kubwa haijatimiza kanuni hii, hata kama kwenye karatasi imetimizwa.

Gharama ya upungufu huo humwangukia abiria wa kike. Amesimama pembeni akimsubiri dada, na wakati huohuo mkoba wake umeshapita kwenye eksirei na umelala mwisho wa mkanda, simu juu ya trei, pasipoti juu ya simu. Kwa hiyo usisukume mkoba uingie mashineni mpaka aliye mbele yako amevuka mlango. Simu, pasipoti na pesa viwe ndani ya mkoba uliofungwa zipu, visilale wazi kwenye trei. Mashine ikikulilia, sema mara moja: "Naomba mkoba wangu uwekwe hapa nauona." Ni ombi la kawaida. Na ofisa wa kiume akisema akusachi yeye mmalize haraka, jibu ni fupi: "Asante kaka, nitamsubiri dada." Haraka ya foleni si sababu ya kuikubali. Kifimbo kisichogusa mwili, kuna mahali hupitishwa na ofisa wa jinsia yoyote. Hata hapo unaweza kuomba wa jinsia yako.

Mtoto wa kike anayesafiri na baba yake peke yake hukaguliwa na ofisa wa kike, baba akiwa hapohapo anaona. Asitenganishwe naye hata kwa hatua tano. Mtoto mchanga aliye mgongoni hufunguliwa kutoka kwenye khanga, na mama hupita naye mikononi. Khanga yenyewe hupita kwenye eksirei. Mlango ukilia, wote wawili hukaguliwa, kwa hiyo mvue mtoto bangili na cheni kabla ya kutoka nyumbani.

Nguo na mapambo yetu

Ushungi na kilemba havina haja ya kufunguliwa mbele ya watu. Kinacholiza mashine kwa kawaida ni pini. Ushungi uliobanwa kwa pini sita za chuma utalia. Uliozungushwa na kuchomekwa, au uliobanwa kwa vibanio vya plastiki au sumaku moja iliyotolewa kabla, utapita. Viwanja kadhaa nje ya nchi vina njia ya staha zaidi: abiria anajipapasa mwenyewe kichwani juu ya kitambaa, kisha viganja vyake vinafutwa kwa kipande cha kitambaa kinachowekwa kwenye mashine ya kunusa chembe za vilipuzi. Uliza kama inawezekana. Nikabu hufunuliwa kwa ajili ya kulinganisha sura na pasipoti, mbele ya mwanamke, pembeni. Misuko minene, rasta na wigi huwekewa kisanduku na skana kwa sababu ya unene wake, na mkono utapita juu ya nywele. Huko Marekani malalamiko ya wanawake weusi kuhusu nywele zao yalifikia hatua ya TSA kukubali, mwaka 2015, kuwafundisha upya maofisa wake.

Mashine hiyo ya kunusa ina udhaifu ambao watu wa Dar wanapaswa kuujua. Glisirini, tunayojipaka kila siku, inaweza kuitisha. Mbolea zenye naitreti nazo zinaweza, na vidonge vya moyo vya nitroglisirini pia. Nawa mikono kwa sabuni ukifika uwanjani, jifute, na usijipake tena mpaka uvuke ukaguzi.

Shanga za kiunoni ni jambo la siri, na kwa sababu ni siri huleta aibu kubwa. Za kioo au plastiki zilizotungwa kwa uzi hazilizi mlango. Zilizotungwa kwa waya au zenye chembe za shaba zinaweza. Skana ya mwili, hata hivyo, huziona zote kama mkanda mnene usiojulikana, na vidole viwili vinavyozunguka kiuno huzikuta mara moja: tuta la punje ngumu, safu tatu au nne, chini ya nguo. Ofisa wa hapa nyumbani ataelewa kabla hujamaliza sentensi. Ofisa wa Amsterdam au Guangzhou huenda hajawahi kuziona maishani, naye atasimamisha mkono papo hapo, na utajikuta unaeleza siri ya chumbani kwa ishara. Safari ya kupita nchi za nje zivue, uziweke kwenye begi kubwa. Kama hutaki kuzivua, mwambie ofisa kabla hajaanza kuwa umevaa mapambo kiunoni, na uombe chumba cha faragha. Hirizi ni vivyo hivyo: ya kitambaa au ngozi hupita mlangoni, yenye kasha la bati hulia, na popote ilipo mkono utaikuta. Sema mapema, usiifiche. Kinachoongeza mashaka ni kule kushtuka kwako mkono unapoifikia.

Wanaume nao wana lao. Kanzu pana humlazimu ofisa akivute kitambaa kwenye mwili ili asikie kilichomo, na mtu asiyetarajia hudhani anavuliwa. Aliyevaa ihramu, vazi la hija na umra, kuelekea Jedda ana tatizo kubwa zaidi: amejifunga vitambaa viwili visivyoshonwa, hana nguo ya ndani, na mkanda unaoshikilia shuka una bizimu ya chuma na mfuko wa pesa. Mlango ukilia akaambiwa avue mkanda, shuka haina kinachoishika. Njia nzuri ni kuvalia ihramu baada ya kuvuka ukaguzi, au ndani ya ndege kabla ya kufika mikati, yaani mpaka ambao haujaji hauvuki bila ihramu. Aliyekwisha kuivaa achague mkanda wa kitambaa usio na chuma, atie pesa kwenye begi la mkononi, na akililiwa aombe chumba. Ofisa asimzungushe vidole kiunoni pale kwenye foleni. Fundo likifunguka ameaibika mtu aliye kwenye ibada.

Vilivyo ndani ya mwili

Pikipiki zimeujaza mji huu watu wenye vyuma miguuni. Sahani na misumari ya mifupa hulia, hasa ya chuma cha pua. Ya titani, ikiwa midogo, huenda isilie. Kifimbo kitalia juu ya paja na mkono hautakuta kitu. Barua ya daktari wa Muhimbili au kwingineko husaidia kueleza, lakini haikuondolei ukaguzi, kwa sababu karatasi haiwezi kuthibitisha kilichomo ndani ya mguu. Onyesha kovu kama linaonekana kwa kupandisha suruali kidogo; hulazimiki kuvua.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo abebe kadi yake na aionyeshe kabla ya kufika mlangoni. Kuupita mlango kwa mwendo wa kawaida kwa ujumla hakuna madhara, ila asisimame ndani yake wala kuegemea nguzo. Kifimbo kisishikiliwe juu ya kifua chake. Aombe akaguliwe kwa mkono.

Wanawake huulizana sana kuhusu kitanzi na kijiti vya uzazi wa mpango. Kitanzi cha shaba kina shaba kidogo mno, kwa kawaida hakilii. Kijiti cha mkononi ni plastiki, hakilii. Pedi haina chuma, lakini skana ya mwili inaweza kuiwekea kisanduku kinenani. Sema kwa sauti ya chini, "Niko kwenye siku zangu," na uombe chumba. Hutakiwi kuivua wala kuionyesha. Aliyeondolewa titi na kuvaa titi bandia la silikoni hali yake ni hiyohiyo: aseme kabla, akaguliwe faraghani kwa mgongo wa mkono juu ya nguo, asiambiwe alitoe. Wagonjwa wanaopita hospitali ya saratani ya Ocean Road kabla ya kwenda India kwa matibabu wanastahili kuelezwa hili na wauguzi wao pamoja na maelezo ya dawa.

Mjamzito anaweza kuomba mkono badala ya mashine. Tumbo halikandamizwi, mkono hupita pembeni na chini yake.

Ukivuka mipaka, desturi hubadilika. Mumbai karibu kila abiria husachiwa, na wanawake huingia kwenye kibanda chenye pazia kwa ofisa wa kike, usidhani umeshukiwa. Guangzhou utapandishwa kijukwaa kifupi, kifimbo na mikono vipite mwili mzima kwa haraka. Amsterdam hutanguliza skana, na mkono huenda palipowekewa kisanduku tu. Na kuna mambo ambayo si upekuzi wa usalama hata yafanyike uwanja wa ndege. Tarehe 2 Oktoba 2020, katika uwanja wa Hamad mjini Doha, wanawake waliteremshwa kwenye ndege wakalazimishwa kuchunguzwa sehemu za siri baada ya mtoto mchanga kukutwa ametupwa chooni. Serikali ya Qatar iliomba radhi. Uchunguzi wa ndani ya mwili ni kazi ya daktari, kwa ridhaa au kwa amri ya sheria, na hakuna ofisa wa foleni mwenye mamlaka nao.

Chumba, na malalamiko

Unaweza kuomba chumba cha faragha wakati wowote kabla au katikati ya upekuzi, na kuomba mtu unayesafiri naye aingie pamoja nawe. Omba pia glovu mpya. Kama kiwanja hakina chumba, pazia la kukunja linatosha, mradi maofisa wawe wawili wa jinsia yako. Ukikataa kabisa kukaguliwa hutapanda ndege. Hilo halina mjadala, ila halimpi mtu ruhusa ya kukushika kwa nguvu.

Ukiona umepapaswa, usiondoke eneo lile kwanza. Muombe msimamizi wa zamu hapohapo, kwa sauti ya kawaida. Andika kwenye simu saa na dakika, jengo, njia ya ukaguzi uliyopita, namba ya kitambulisho cha ofisa, namba ya ndege, na sehemu uliyoguswa na jinsi mkono ulivyokuwa: kiganja au mgongo, mara ngapi, ulisimama wapi. "Alinidhalilisha" humpa mpelelezi hasira yako; "alishika titi la kushoto kwa kiganja mara mbili, saa 3:40 usiku" humpa kitu cha kutafuta kwenye kamera. Picha za kamera hufutwa baada ya muda, kwa hiyo peleka malalamiko kwa maandishi ndani ya siku chache, hata kama umeshafika ulikokwenda. Kwa viwanja vya hapa anza na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, TAA. Usiporidhika panda kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na upeleke nakala kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Likifikia udhalilishaji wa kijinsia, ni jinai: kuna dawati la jinsia na watoto polisi, na hapo huhitaji kusubiri jibu la mamlaka yoyote.